Kabla Hujauza Gunia la Mahindi: Kutunza Afya ya Akili na Kupata Msaada Ulio Sahihi

Mkulima wa Izia anapokwenda kununua mbolea hakubali kuuziwa maneno. Huushika mfuko, akautazama mshono, akasoma tarehe, akaomba upimwe upya mbele yake, na mwisho akadai stakabadhi. Ustadi huo hakuupata darasani; umetokana na misimu aliyokula hasara. Lakini mtu huyohuyo, kijana wake anapoacha kulala usiku na kuanza kusema peke yake, hutoa fedha bila kuuliza swali hata moja. Mtoa huduma mwenye jina kubwa hupokewa kwa heshima, anayetaja bei ya juu huaminiwa zaidi, na stakabadhi haitajwi kabisa kwa kuwa kuitaja ni kama kuitangaza aibu ya nyumba.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya pengo hilo. Tunalielekeza kwa wakazi wa Izia na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga, na kwa wenzao wa vijiji vya nyanda za juu za Ufipa, Laela hadi Matai, ingawa msomaji wa kwingineko naye atajiona humu.

Tuchukue kaya moja ya mfano. Baba, mama, watoto watano; shamba la mahindi na maharage, na kipande cha ulezi. Mtoto wa pili, mwenye miaka ishirini na miwili, anaanza kujitenga. Mwezi wa pili anasema majirani wanamsema ukutani. Familia inauza magunia manne ya mahindi kumlipa mganga wa kwanza, ambaye anasema kazi ni ya shangazi upande wa baba. Mganga wa pili anachukua mbuzi wawili na kuthibitisha neno la yule wa kwanza. Mwezi wa saba kijana anafungwa kamba kwenye nguzo ya ghala, shangazi hasalimiwi tena na mtu, na mbegu ya msimu ujao haipo. Hakuna aliyefika zahanati, ambayo iko umbali wa kutembea kwa miguu. Kaya hii hatukuinakili kutoka nyumba yoyote, lakini hatudhani kuwa msomaji wa Rukwa ataiona ngeni. Tutairudia mara kadhaa katika kurasa hizi.

Mawazo, na pale yanapogeuka kuwa ugonjwa

Kila mtu anajua maana ya kusema "nina mawazo". Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia kuuza mahindi ghafi nje ya nchi, bei ilishuka na wakulima wengi wa mikoa ya nyanda za juu kusini wakabaki na maghala yaliyojaa huku madeni ya pembejeo yakiwa palepale. Mtu aliyekosa usingizi msimu huo hakuwa mgonjwa. Alikuwa na shida, na shida ina haki ya kuhangaisha. Hali kadhalika mfiwa anayelia, au mama ambaye mwanawe amefeli mtihani.

Wataalamu hutazama mambo mawili ili kutofautisha. La kwanza ni muda: hali ikidumu takriban siku zote kwa wiki mbili au zaidi, yafaa ichunguzwe. La pili ni kazi za maisha: je, mtu bado anaamka, anaoga, anakwenda shamba, anajibu salamu, anacheza na watoto? Mambo hayo yakianza kuporomoka moja baada ya jingine, hilo si suala la moyo dhaifu tena. Huzuni ya namna hiyo huitwa sonona, nayo ni ugonjwa kama ugonjwa wa moyo au wa kisukari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo fulani la afya ya akili. Mtaa wenye nyumba themanini hauwezi kuwa hauna.

Sonona ya kwetu aghalabu haiji ikijitaja kwa jina hilo. Huja kama kichwa kinachowaka moto, kifua kinachobana, mgongo, vichomi, tumbo lisilotulia. Mgonjwa hupimwa malaria, akaambiwa hana, hupimwa taifodi, akapewa dawa, akarudi tena. Kwa wanaume huweza kujificha ndani ya hasira na ulevi, jamaa wakasema tu kwamba amebadilika tabia. Kwa mama aliyejifungua karibuni, huonekana katika kumtazama mtoto bila kumfurahia, na kulia asikojua sababu.

Kuhusu kujitunza nyumbani hatutasema mengi, kwani mengi yanajulikana: kulala na kuamka saa zilezile, kula hata kama hamu haipo, kutotumia pombe ya ulezi au gongo kama dawa ya usingizi, kufanya kazi ya mikono kila siku, kubaki karibu na watu. Jumuiya ndogondogo, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa, hata baraza la kupukuchua mahindi, vina manufaa yanayothibitika. Tunaongeza jambo moja tu ambalo watu hulisahau. Usimwambie mtu mwenye sonona "jikaze". Amekwisha kujikaza kwa muda mrefu kabla hujajua.

Ukichaa wa ghafla usiupe jina upesi

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa maana kuna maisha yanayopotea kwa makosa ya saa chache.

Mtu aliyekuwa mzima jana, leo akawa anasema ovyo, hamtambui ndugu yake, anapigana, au analala asiamshike, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Usimwite mganga kwanza, wala usingoje kupambazuke. Sababu mara nyingi imo mwilini. Malaria ikifika kwenye ubongo huleta hali hiyohiyo. Sumbawanga ipo juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake hupunguza mbu. Lakini vijana wengi hushuka Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, kuvua na kulima mpunga, kisha hupanda kurejea nyumbani na homa mwilini. Homa ya uti wa mgongo hufanya vivyo hivyo. Sukari iliyoshuka sana kwa mgonjwa wa kisukari hufanya vivyo hivyo. Mnywaji wa kila siku anayeacha pombe kwa ghafla anaweza, siku ya pili au ya tatu, kutetemeka, kuona wadudu ukutani na hata kupata degedege. Huyo naye yumo hatarini, wala hajarogwa na aliyemshauri kuacha pombe. Mama anayevurugikiwa akili katika wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua ni mgonjwa wa dharura, pamoja na mtoto wake.

Kifafa tunakitaja peke yake. Kwa desturi ya nchi yetu kliniki za afya ya akili ndizo zinazowahudumia wengi wenye kifafa, na kwa muda mrefu kimehesabiwa kuwa pepo au kitu cha kuambukiza kwa mate. Hakiambukizi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge, mkoani Morogoro, miaka ya mwanzo ya 1960, alikuta wengi wametengwa na wana makovu ya moto kwa sababu watu waliogopa kuwashika walipoanguka jikoni. Wengi walitulia kwa vidonge vya bei ndogo. Dawa hizo bado zipo.

Mlango wa kwanza ni zahanati

Watu wengi hudhani tiba ya akili ni safari ya Dodoma. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, imejenga sifa kubwa kiasi kwamba jina lake limekuwa tusi la mitaani: "huyu wa Mirembe". Matokeo yake ni kwamba familia huona njia mbili tu, mganga wa jirani au Dodoma ya mbali, na kwa kuwa Dodoma haiwezekani, hubaki na mganga.

Njia halisi ni ya ngazi, kama ilivyo kwa mjamzito au mwenye shinikizo la damu. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ofisa tabibu au muuguzi atasikiliza, atapima magonjwa ya mwili, na yanayomshinda atayaandikia barua ya rufaa. Barua hiyo itunzwe, kwani bila hiyo waweza kuanza foleni upya. Kutoka hapo mgonjwa hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iliyopo hapahapa Sumbawanga. Mjini ipo pia hospitali ya Dkt. Atiman, ya Jimbo Katoliki, yenye jina la Adrian Atiman, mtu aliyekombolewa utumwani utotoni, akasomea udaktari Malta, akawatibu watu wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi uzeeni. Yanayozidi uwezo wa mkoa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Mirembe ni ngazi ya mwisho, na wagonjwa walio wengi hawatahitaji kuifikia.

Ugumu mkubwa ni sentensi ya kwanza. Watu hufika dirishani wakasema "kichwa kinauma" kwa sababu hawajui waanzeje. Mama wa kaya yetu ya mfano angeweza kusema hivi:

"Shikamoo mama," muuguzi aliye mdogo kwake anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya kijana wangu, yupo nyumbani. Huu ni mwezi wa pili halali vizuri. Anasema watu wanamsema ukutani, na sisi hatusikii kitu. Ameacha kwenda shamba. Hajampiga mtu. Pombe hanywi, lakini bangi sina hakika."

"Pole sana, mama. Ana homa? Aliwahi kuanguka au kuumia kichwa? Katika ukoo yupo aliyewahi kuumwa hivi?"

Maelezo hayo machache, yaani limeanza lini, limebadilisha nini, anatumia nini, kuna hatari gani, humpa mtaalamu zaidi ya nusu ya anachohitaji. Yaandike kwenye karatasi kama unaogopa kuyasahau. Ukiona aibu kusema mbele ya foleni, una haki ya kuomba chumba: "Naomba tuongee faragha" ni ombi linalojitosheleza, halihitaji maelezo.

Kuhusu gharama, ulizia kabla ya kukata tamaa. Katika vituo vya Serikali upo utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo na kwa baadhi ya magonjwa ya muda mrefu, na anayeusimamia ni afisa ustawi wa jamii. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata husaidia. Mwenye bima aulize kwa jina la dawa, si kwa jina la ugonjwa tu, kama inalipiwa. Na kama hujui uanzie wapi kabisa, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Kwa mtoto aliye katika hatari au anayeteswa, namba ni 116.

Waganga, maombezi na mabango barabarani

Wenyeji husimulia kuwa jina Sumbawanga kwa Kifipa lina maana ya kuutupa uchawi. Watani wa mikoa mingine hulitumia kututania, na sisi hucheka pamoja nao. Lakini katika jambo la afya ya akili utani huo una upande usiochekesha.

Katikati ya miaka ya 1960 msomi wa Kiingereza Roy Willis aliishi Ufipa, na mwaka 1968 akachapisha maelezo ya harakati iliyoitwa Kamcape, iliyopita kijiji kwa kijiji ikiahidi kuwafichua wachawi na kuusafisha mji. Mizizi yake ilikuwa katika harakati za Mchape zilizotoka upande wa Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930. Waliojikuta wakinyooshewa kidole walikuwa hasa wazee. Tunaikumbusha historia hii kwa sababu bidhaa iliyouzwa siku zile bado ipo sokoni. Bidhaa hiyo ni jina la adui, na mnunuzi huondoka nalo akidhani amepata dawa.

Tuseme wazi msimamo wetu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inautambua uganga wa tiba asili kuwa huduma halali, na imeunda Baraza linalosajili waganga. Wapo waganga wanaosikiliza kwa subira kuliko zahanati yenye watu mia, na kusikilizwa ni sehemu ya kupona. Hatumkatazi mtu. Lakini ramli chonganishi, ile inayomtaja ndugu au jirani kuwa chanzo cha ugonjwa, si tiba asili. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuipiga marufuku, wakati taifa lilipokuwa likiomboleza mauaji ya watu wenye ualbino. Anayekutajia shangazi yako ametenda kosa kwanza, na huduma hajaitoa.

Kwa hiyo mtumie mganga ujuzi uleule wa mfuko wa mbolea. Muulize kama amesajiliwa na Baraza, na uombe kuona cheti. Muulize atafanya nini, kwa siku ngapi, na kwa jumla ya fedha kiasi gani. Jumla ndiyo muhimu, kwa sababu hasara kubwa haimo katika malipo ya kwanza, imo katika "bado kidogo" za baadaye. Muulize kama anakubali mgonjwa aendelee na dawa za hospitali. Mganga mwaminifu atakubali. Anayekwambia uzitupe, au uache kumpeleka hospitali, au utume fedha kwanza kwa simu ndipo aanze kazi, au mgonjwa alale kwake amefungwa, huyo mwage siku hiyohiyo. Mwenye bango la barabarani linaloahidi kutibu kichaa, kurudisha mpenzi, kusafisha nyota na kukuza biashara kwa namba moja ya simu hatuhitaji kumjadili.

Yote haya yanahusu pia nyumba za maombezi. Sala humpa mtu nguvu ambayo hatuna kipimo chake, na tunaandika hivi tukiwa nasi ni watu wa kusali. Padri, mchungaji au shehe anayemtembelea mgonjwa na kumwuliza kama amekunywa dawa ni sehemu ya matibabu. Anayepima imani ya mtu kwa kumwambia aache vidonge amevuka mpaka wa kazi yake.

Wauzaji wapya wa huduma hii ni wale wanaojiita washauri au wanasaikolojia katika simu na mitandao. Wapo wazuri. Uliza alisoma wapi, nani anamsimamia, kikao kimoja ni muda gani na bei gani, na siri yako anaitunzaje. Asiyeweza kujibu hilo la mwisho usimpe siri.

Dawa: mahali fedha nyingi hupotea kimyakimya

Turudi kwa kijana wetu. Tuseme amefika hospitali, ameandikiwa haloperido. Siku ya tatu shingo inakakamaa, ulimi unajikunja, mikono inatetemeka. Familia inaogopa, inasema dawa imemharibu, inaitupa. Baada ya wiki sauti zinarudi na jirani anasema, "Si niliwaambia?"

Hilo la shingo na ulimi ni athari inayojulikana ya dawa za jamii hiyo, na lina dawa yake. Mrudisheni kituoni siku hiyohiyo. Atapewa ya kulegeza misuli, au kiwango kitapunguzwa, au atabadilishiwa. Mtoa huduma alipaswa kuwaambia kabla. Asipowaambia, ulizeni ninyi, kwa maneno haya: "Dawa hii itamfanyia nini kibaya, na nikiona hivyo nifanye nini?" Ni swali moja, nalo huokoa magunia mengi.

Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, nazo zina mtego wake. Madhara madogo, kinywa kukauka au kichefuchefu, hutangulia. Nafuu huchukua kati ya wiki mbili na nne, wakati mwingine zaidi. Mgonjwa asiyejua hilo huacha siku ya kumi, akiwa amelipia usumbufu wote bila kufikia manufaa. Na nafuu ikija, asiache kwa sababu amepona. Kupunguza hufanywa kidogokidogo pamoja na aliyeandika. Kwa wagonjwa wengine ipo sindano ya muda mrefu, inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, inayofaa pale vidonge vinaposahaulika. Mwanamke anayeweza kupata mimba aulize mahususi, kwa kuwa baadhi ya dawa, valproeti hasa, humdhuru mtoto tumboni.

Kisha diazepamu. Hii hutuliza haraka, na kwa sababu hiyo hupendwa haraka. Ikitumika kwa wiki nyingi mwili huizoea, usingizi hauji bila yenyewe, na kuiacha ghafla huleta hatari. Ni dawa ya cheti. Muuzaji anayekupa kwa kuzungusha mkono chini ya meza anakuuzia kifungo. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yana kibali cha dawa fulani tu na muuzaji aliyefunzwa; angalia kibali ukutani. Usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti na kufungwa katika karatasi bila jina, kiwango na tarehe.

Mazungumzo nayo ni tiba

Wengi wenye sonona ya wastani au wasiwasi hawahitaji kidonge kwanza. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye kile ambacho Washona hukiita kuwaza kupita kiasi. Katika vikao sita hivi mtu hutaja matatizo yake yote, huchagua moja, hupanga hatua ndogo, hurudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo imeuiga mfumo huo.

Kwetu bara benchi hilo bado si la kila zahanati. Lakini msomaji anaweza kuomba mazungumzo kwa afisa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili, na mwana kikundi anaweza kuiga kiini chake: kutaja shida moja, hatua moja, na siku ya kurudi kuulizana.

Mtu anaposema hataki kuishi

Mwulize waziwazi. "Je, umefikiria kujiua?" Swali hili halimtii mtu wazo jipya, humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Akikubali, usimwache peke yake, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo. Viuatilifu vya shambani viondoke nyumbani, vikatunzwe kwa jirani chini ya kufuli. Tunasisitiza hili katika Ufipa ya wakulima, kwa sababu wakati wa hatari mara nyingi ni mfupi, na mtu aliyevushwa usiku mmoja huweza kuishi miaka mingi.

Familia nyingi huficha kwa kuogopa sheria. Ni kweli kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Mjadala wa kwetu tuwaachie wanaotunga sheria. Kazi ya kwanza ya mtumishi wa afya ni kuokoa, na mgonjwa aliyefichwa ndani hawezi kuokolewa na yeyote.

Haki zako, na wapi pa kulalamika

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kuwa mtu anaweza kulazwa kwa hiari yake, na imeweka utaratibu kwa yule ambaye hali yake haimwezeshi kuamua. Utaratibu huo hauna mahali pa kamba kwenye nguzo ya ghala. Katiba inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtu, na mgonjwa wa akili ni mtu. Kama ndugu anatishia usalama na hamuwezi kumfikisha hospitali, mwombeni mtendaji wa kata au polisi msaada wa kumsindikiza, mkisema wazi kuwa ni mgonjwa, ili apelekwe kutibiwa badala ya kuwekwa mahabusu.

Mgonjwa ana haki ya kujua jina la ugonjwa na jina la dawa, kuandikiwa, kutunziwa siri, na kuomba maoni ya mtaalamu mwingine. Malalamiko yaanzie kwa mganga mfawidhi wa kituo husika, kwa maandishi, yenye tarehe. Yasiposikilizwa, lalamiko juu ya daktari au ofisa tabibu hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Juu ya muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Juu ya famasi au duka la dawa, Baraza la Famasi. Juu ya dawa yenyewe, ikiwa ya bandia, imeharibika au imeleta madhara, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Juu ya mganga wa tiba asili, mwone mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Aliyepiga ramli na kumtaja mtu ni wa kituo cha polisi moja kwa moja.

Tunza kila kitu: stakabadhi, pakiti ya dawa hata ikiwa tupu, barua ya rufaa, ujumbe wa simu ulioomba fedha. Kama ulilipa kwa mbuzi, andika siku, mahali, na waliokuwepo, kisha umwombe mmoja wao atie saini.